Maji ya Kusugulia Sakafu

Drili ilipotoboa ukuta wa bafuni na ncha yake ikatokea sebuleni, nyuma ya tangi, Ghati alijipigia kigelegele mwenyewe. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumpigia. Mumewe alikuwa mgodini Geita hadi mwisho wa mwezi. Robi, binti yao, alikuwa amejilaza kwenye kochi, magoti juu ya mto, akimtazama mama yake kama mtu aliyekwisha kuiona miradi mingi ya nyumba ile ikiishia stoo.

"Mimi naona tundu tu," alisema Robi.

"Leo ni tundu. Kesho ni raha. Raha jipe mwenyewe, mwanangu, ukingoja kupewa utazeeka."

Ndani ya tangi tumbawe la Robi lilikuwa limefumba. Lilikuwa la zambarau, kubwa kama kabichi, na lilipandwa kwa chembe za damu yake mwenyewe. Baharini matumbawe yalikwisha kabla Robi hajazaliwa. Sasa yaliishi sebuleni kwa watu, hata hapa Musoma, ambako bibi yake Robi alifariki bila kuiona bahari. Kila asubuhi Robi alitumbukiza mkono mpaka kwenye kifundo, na tumbawe lilipoutambua lilifungua vinywa vyake vidogo vidogo na kumnyonyesha dawa kupitia ngozi ya kiganja. Chembe za damu zilizopinda kama mundu zilinyooka, na Robi akaenda shule kwa miguu yake.

Lakini kiumbe anayekula hunya, na anayekunya ndani ya maji anayokaa lazima abadilishiwe maji. Kila Ijumaa Ghati alivuta mpira kwa mdomo mpaka chumvi imjae kooni, akajaza ndoo, akazibeba, akakoroga chumvi mpya kwenye maji ya ziwa yaliyochujwa, akayamimina tangini kwa ndoo zile zile huku mgongo ukimlilia. Na tumbawe halikuwa na shukrani. Baada ya mafuriko hayo lilinuna siku mbili, limefumba vinywa vyote, na siku hizo mbili ndizo magoti ya Robi yalipouma.

Ghati alikuwa fundi wa umwagiliaji. Alitandaza mipira ya matone kwenye mashamba ya nyanya kando ya ziwa. Siku moja, akiwa amechuchumaa kwenye tuta na kutazama tone likiangukia shina, alijiuliza swali ambalo alishangaa kwa nini hakujiuliza mapema: nyanya nanywesha tone kwa tone, tumbawe la mwanangu nalinywesha kwa mafuriko, nina akili kweli?

Ndiyo maana ya lile tundu. Pipa la maji ya chumvi lilikaa kibarazani, na ndani yake pampu ndogo ya kuyakoroga na hita ya kuyaweka vuguvugu. Kando ya tangi alifunga pampu nyingine yenye midomo miwili, mmoja wa kunywa na mmoja wa kutapika. Ule wa kwanza ulivuta maji machafu kidogo kidogo mchana kutwa, yakapita ukutani hadi kwenye tundu la maji la bafuni na kwenda zake mtaroni. Ule wa pili ulirudisha maji mapya kwa kipimo kile kile. Kilichobaki kwa binadamu ni kumimina maji na chumvi pipani pipa likipungua, na kufungua koki moja.

Aliifungua. Pampu ikaanza kukoroma kama paka aliyeshiba. Robi aliinuka kwenye kochi aone.

Hapo ndipo hodi ilipopigwa.

Alikuwa Mama Sayi wa ghorofa ya chini, msusi wa nywele, ana ndoo mbili za vifuniko kama kila Ijumaa.

"Shikamoo, mama," Robi alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mama Robi, nimefuata yale maji yangu ya kusugulia sakafu."

"Leo hakuna, Mama Sayi." Ghati alijifuta vumbi la ukuta usoni ili apate kitu cha kufanya. "Nimefunga mashine. Yanakwenda yenyewe mtaroni. Ndoo basi tena."

Mama Sayi aliutazama mpira, akaufuata kwa macho hadi ulipoingia ukutani.

"Hee! Hongera. Sasa mgongo wako utapumzika."

"Na sakafu yako?"

"Sakafu ni sakafu tu, Mama Robi. Usijisumbue."

Akashuka ngazi na ndoo zake tupu.

Tusidanganyane hapa. Hakuna mwanamke wa Musoma wala wa popote anayesugua sakafu kwa maji ya chumvi. Yakikauka yanaacha madoa meupe ambayo utayasugua tena kwa maji matamu. Na hakuna anayesugua sakafu akaomba, kama alivyoomba Mama Sayi mara ya kwanza, kwamba maji yasitiwe dawa ya kuua vijidudu, eti inamwasha mikono. Sheria ya kliniki ilisema maji machafu ya tumbawe yatiwe dawa hiyo kisha yamwagwe, na atakayempa mtu mwingine atanyang'anywa tumbawe. Sayi alikuwa na ugonjwa ule ule wa Robi. Alikuwa na miaka mitano, na tangi halitolewi kwa mtoto aliye chini ya saba. Dawa ya tumbawe haijui jina la mtu. Maji ya wiki nzima, yakitoka tangini yakiwa ya moto na mazito, yalitosha kumkalisha mtoto ndani ya beseni nusu saa na kumpa wiki ya usingizi.

Ghati alilijua hilo. Mwaka mzima wanawake wawili walizungumza habari za sakafu kama mtu anavyouliza habari za mgonjwa. "Sakafu inaendeleaje, Mama Sayi?" "Wiki hii imetulia, namshukuru Mungu." Au, "Juzi imetusumbua kidogo, lakini leo afadhali." Hawakutaja jina la mtoto hata mara moja, kwa sababu lisilotajwa halina shahidi. Ilikuwa stara, na stara ni kitu kizuri. Ubaya wake ni kwamba ukitaka kujificha ndani yake, inakufunika na wewe.

Jioni ile Ghati alichukua chupa ya sabuni ya maji kabatini, ile kubwa, akampa Robi.

"Mshushie Mama Sayi. Mwambie ni ya sakafu."

Robi alirudi baadaye kidogo, anapanda ngazi kwa tahadhari kama alivyozoea.

"Amesemaje?"

"Amesema asante. Amesema sabuni ni nyingi sana."

Ghati aliingia jikoni akaosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa.

*

Tumbawe lilisahau kununa. Maji hayakupanda wala kushuka, hayakupoa wala kuchafuka, na vinywa vyake vikabaki wazi mchana kutwa. Robi aliacha kulala na mto chini ya magoti. Kisha aliacha kushika ukuta akipanda ngazi. Kisha, Jumamosi moja, Ghati alisikia kishindo sebuleni akakimbilia huko akidhani mtoto ameanguka, akamkuta anaruka kamba.

Alikuwa anaruka vibaya, miguu yote miwili kwa pamoja kama chura, ulimi nje. Watoto wenzake walijifunza kuruka wakiwa na miaka minne. Yeye alikuwa na kumi.

"Nimefika kumi na mbili, Mama! Hesabu wewe, mimi nasahau!"

Ghati alihesabu.

Wiki hiyo hiyo alikuja Bwana Masatu, mshauri wa matumbawe wa kliniki, mwenye mkoba wa vipimo na tumbo linalomtangulia mlangoni. Alitumbukiza kijiti chake tangini, akasoma, akakikung'uta, akasoma tena.

"Mama, umelilisha nini hili tumbawe?"

"Sijalilisha kitu. Nimebadilisha namna ya kubadilisha maji tu."

Alimwonyesha pipa, pampu na koki. Masatu alipiga magoti pamoja na tumbo lake lote akachungulia nyuma ya tangi, akafuata mpira kwa kidole.

"Nguvu ya dawa imekaribia kuwa mara mbili," alisema, bado yuko chini. "Mara mbili, Mama Robi! Wazazi wanahangaika na ndoo mji mzima, na wewe umekaa na kitu hiki kimya kimya? Nitaleta mtu apige picha. Tuwafundishe wote."

Ghati alipaswa kufurahi, na alifurahi, kwa muda wa kama pumzi moja. Halafu sauti ikapanda kutoka chini, kupitia lile lile tundu la bafuni ambamo maji yalishukia. Ilikuwa sauti ya mtoto mdogo. Hakuwa analia kilio cha kudeka wala cha kuchapwa. Alikuwa anatoa mlio mmoja mrefu, akinyamaza kuvuta hewa, kisha akiuanza tena.

Masatu aliinua kichwa. "Kuna mtoto anaumwa huko chini?"

"Watoto hawa," alisema Ghati. "Nikuongezee chai?"

Alimwongezea mpaka ikamwagika kwenye kisahani.

"Bwana Masatu," alisema alipokwisha kupangusa meza, "tuseme tu. Tuseme mtu ana mashine hii, halafu akaamua kurudi kwenye ndoo. Ikawaje?"

"Nani mwenye akili atarudi kwenye ndoo?"

"Tuseme umeme umekatika."

Masatu aliweka kikombe chini. "Lile lililozoea tabu huvumilia tabu. Hili lako limezoea raha. Ukilimwagia mafuriko sasa, litafumba kuliko zamani. Nguvu itashuka chini ya pale ilipokuwa, na itakaa huko miezi. Mtoto atarudi kitandani, Mama Robi, na atarudi vibaya. Nunua betri ya akiba, nakuomba."

Kule chini mlio uliendelea. Robi, aliyekuwa anafunga kamba yake kwenye kitasa cha mlango, alisimama akasikiliza.

"Huyo ni Sayi," alisema. "Zamani alikuwa halii hivyo."

Ghati alikwenda kufunga mlango wa bafuni.

*

Mtu mwenye hatia ni mbunifu kuliko fundi yeyote. Kesho yake Ghati alitoa mpira kwenye tundu la bafuni akauelekeza ndani ya ndoo. Akilini alikwisha kupata ushindi: mashine itabaki, Robi ataruka, na ndoo ikijaa atashuka nayo mwenyewe, asubiri asifiwe.

Ndoo ilijaa jioni. Alichukua karatasi ya kupimia, ile ambayo ikikutana na dawa hugeuka bluu, akaichovya. Ilibaki nyeupe. Alichovya nyingine, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akaigeuza upande wa pili kana kwamba rangi ilikuwa imejificha huko. Nyeupe. Dawa ile ilikuwa kitu hai, na kikitoka tangini hakivuki saa chache. Yale matone ya asubuhi yalikuwa yamekwisha kufa mchana, na ya mchana yalikufa yakiwasubiri wenzao wa jioni. Ndoo nzima ilikuwa maji ya chumvi yenye mavi ya tumbawe, basi. Hayo hata sakafu isingeyataka.

Alifikiria kumpandisha Sayi atie mkono wake mwenyewe. Lakini tumbawe linamjua mwenyewe. Mwaka ule wa kwanza mumewe alilishika kwa utani, likafumba siku nne, na siku hizo nne hakuna aliyemtania mwenzake katika nyumba ile.

Kwa hiyo hapakuwa na njia ya katikati. Kulikuwa na maji yanayotoka polepole na mtoto wake anaruka, au maji yanayotoka kwa mkupuo na mtoto wa mwenzake analala. Alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea, karatasi nyeupe mkononi, akatamani kwa moyo wote asingekuwa na ufundi wowote duniani. Angekuwa muuza vitumbua. Angekuwa bado anabeba ndoo, anaumwa mgongo, na analala usingizi.

*

Ijumaa iliyofuata alishuka.

Mama Sayi alimkaribisha kwa kumwondolea vitana na nywele za bandia kwenye kiti. Sakafu yote ya chumba ilifunikwa zulia, toka ukuta hadi ukuta, limechakaa katikati. Juu ya kabati chupa ya sabuni ilisimama na kifuniko chake hakijafunguliwa. Sayi alikuwa kwenye godoro kando ya dirisha, vidole vya mikono vimevimba, macho ya manjano. Walikuwa wamerudi kutoka hospitali, alikoongezewa damu.

"Pole sana, Mama Sayi."

"Tumeshapoa. Karibu chai."

"Hapana, usijisumbue."

"Mama Robi." Mama Sayi alikaa kwenye ukingo wa godoro, akashusha sauti ingawa hakukuwa na mwingine wa kusikia. "Usinione kimya ukadhani nina kinyongo. Nilijua. Nilipoona ule mpira nikajua wamekubana kliniki. Wakaguzi hawa hawana huruma. Ungefanyaje? Wangekunyang'anya la Robi, na Robi naye ni mtoto. Hata mimi ningefunga. Mungu anajua ulichonifanyia mwaka mzima, na mimi sijasahau."

Ulikuwa mlango wazi, umefunguliwa na mwenye nyumba mwenyewe. Ghati alichotakiwa ni kupita tu.

"Ndiyo," alisema. "Wamekaza siku hizi."

Mama Sayi akamshika mkono, akaupapasa. Ghati alivumilia kupapaswa kule kama mtu anayevumilia kuchomwa moto, kisha akaaga akatoka.

Hakufika nyumbani. Alikaa katikati ya ngazi. Kuiba ni jambo moja, lakini kuiba kisha ukapewa pole na uliyemwibia, ukaipokea kwa mikono miwili, hilo hakuwa amewahi kuliona hata kwa wezi. Alikaa pale mpaka jirani mmoja akapita akamuuliza kama amepoteza funguo.

Akasimama, akashuka tena.

Ningependa kusema alishuka kwa ujasiri. Kulikuwa na ujasiri kidogo, tusimpunje. Lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine, na Ghati mwenyewe alikijua. Alimjua Mama Sayi. Huyu alikuwa mwanamke asiyepokea kikombe cha pili cha chai bila kubembelezwa, aliyekuja na ndoo zake kila Ijumaa akisema kama yapo, kama hayapo basi. Ukimwambia ukweli mtu mwenye adabu kama hiyo, na ukamwambia pia gharama yake, atasema nini? Atasema acha tu, usijisumbue. Na Ghati atapanda ngazi akiwa na ukweli wake na mashine yake, vyote viwili.

"Hakuna aliyenibana," alisema akiwa bado mlangoni. "Nimekudanganya sasa hivi. Wakaguzi hawajui lolote. Nilichoka ndoo, nikafunga mashine. Nilijua maji yale ni ya nani. Nilijua siku ile ile, na nikakuletea sabuni."

Mkono wa Mama Sayi ulikuwa juu ya goti la Sayi na ulibaki hapo.

"Naweza kurudi kwenye ndoo," Ghati aliendelea, maneno yakikimbizana. "Yatakuwa kama yalivyokuwa, au pungufu kidogo, lakini yatakuwa na dawa. Ila lazima nikwambie yote. Nikirudi, tumbawe litanuna. Mshauri amesema Robi ataumwa kuliko zamani, na ataumwa miezi. Sasa hivi amepona, Mama Sayi. Anaruka kamba. Kwa hiyo nimekuja kukuuliza."

Alikuwa amelipanga swali lile vizuri mno, na aliposikia mwenyewe lilivyotoka mdomoni, aliona haya.

Juu yao Robi alikuwa anaruka. Dari lilipokea miguu yake, tu, tu, tu, kikapita kimya cha kamba kunasa, kisha tena, tu, tu. Mama Sayi aliinua uso akasikiliza. Ghati naye akasikiliza, akimtazama midomo.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye."

"Nilidhani mmepata mgeni. Sikuwahi kumsikia akiruka."

"Hakuwahi kuruka."

Mama Sayi alitikisa kichwa taratibu, akatabasamu hata, tabasamu la mzazi anayesikia mtoto yeyote akicheza. Ghati aliliona tabasamu lile, moyo wake ukaanza kushuka mahali pake. Alianza kuandaa namna ya kukataa kidogo, kwa adabu, kabla ya kukubali.

Sayi alijigeuza kwenye godoro akaguna. Mama yake alimfunika shuka hadi mabegani, akainuka, akapiga magoti na kuvuta beseni kutoka uvunguni. Lilikuwa limejaa vumbi na nywele za wateja. Alilipangusa ndani kwa upindo wa kanga, akalizungusha, akalipangusa na nje.

"Nije saa ngapi?" aliuliza.

Mama Sayi alimngoja, beseni kifuani, macho makavu. Hakurudia swali na hakulipunguza.

"Saa kumi," alisema Ghati hatimaye. "Leo hii, saa kumi."

"Nitakuja."

Ghati aligeuka kwenye ngazi. Huko juu kulikuwa na mtoto wa kumwambia, na Ghati alijua amefika ishirini, kwa sababu alikuwa anazihesabu kwa sauti ili mama yake amsikie.